Kumbe Diesel alikuwa mtu

Siku ya pili baada ya kufika Ujiji nilikwenda mashineni kwa mjomba. Miaka kumi na mmoja Munich, Ujerumani, lakini mlio niliutambua nikiwa bado barabarani: tu-tu-tu, inakohoa, inashika tena. Siku hizi mjomba ana mota ya umeme, ila ile ya dizeli hajaitupa. Umeme ukikatika, ndiyo inayomlisha.

Aliizima ili tusikilizane. Unga umemjaa mpaka kwenye kope. "Karibu, mjomba. Umetuletea nini?"

Nikampa simu aone picha: injini ya kwanza ya Rudolf Diesel, silinda moja, ndefu kuliko mtu, iliyofanya kazi Augsburg mwaka 1897.

"Alaa! Kumbe Diesel ni jina la mtu?"

Ipo Deutsches Museum, makumbusho ya sayansi na teknolojia ya Munich, kwenye kisiwa cha mto Isar. Sitajidai, mara ya kwanza niliingia humo kukimbia baridi. Baadaye nikawa siishi kurudi. Aliyeanzisha makumbusho hayo, mwaka 1903, ni injinia wa umeme, Oskar von Miller, na hakutaka watu wapite mikono nyuma kama wanakagua gwaride. Alitaka wabonyeze, wazungushe, waone kitu kinavyokwenda. Jiwe la msingi liliwekwa 1906, halafu vita na mfumuko wa bei vikakwamisha ujenzi. Jengo lilifunguliwa tarehe 7 Mei 1925, siku von Miller mwenyewe anatimiza miaka 70. Mzee alijua kupanga sherehe yake!

Mabomu ya 1944 yaliliharibu vibaya. Kilichomgusa mjomba ni hiki: baada ya vita, Oktoba 1947, walirudi na maonyesho ya miaka 50 ya injini ya dizeli, ilhali kumbi za kawaida zilianza kufunguliwa Mei 1948. Kufikia ukubwa wa zamani, ikawa mpaka 1965.

"Mashine kwanza," akasema, kama vile walimwomba ushauri.

Kisha akaivuta picha kwa vidole, akaikagua kama anayenunua mbuzi. "Mbona haina hata tone la oili? Hii imekufa, mjomba. Wameiosha tu."

Mama mmoja akatua debe la muhogo mkavu mlangoni. Mjomba akanikabidhi hendeli. Nikazungusha mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Haikuwaka.

"Kijana wa Ulaya huyo," mama akasema, akakaa juu ya debe lake kusubiri.