Bili ya Karafuu

Karatasi ya makadirio ilikuwa na mistari tisa, na chini yake jumla: shilingi 38,800. Karafuu, paka dume wetu wa miaka mitano, alikuwa amelazwa kwenye meza ya chuma ya kliniki moja upande wa Nyali, Mombasa, kilo 4 na ushei, kibofu chake kimejaa na kuwa kigumu kama chungwa dogo. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 7,000, na msimu wa Idd ulikuwa umeshapita, kwa hiyo oda za madera ninayoshona zilikuwa chache.

Asubuhi ile Mama ndiye aliyemwona kwanza. Paka anaingia kwenye karai la mchanga uani, anachuchumaa, anajikaza, analia, anatoka, anajilamba nyuma, anarudi tena. Mchanga umebaki mkavu. Wengi wakiona hivyo hudhani mnyama amefunga choo, wakampa kijiko cha mafuta na kungoja, na kungoja huko ndiko kunakoua. Paka dume anayejikaza bila hata tone kutoka ni mgonjwa wa dharura mpaka daktari aseme vinginevyo. Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana, ndiyo maana jike huziba mara chache sana. Wa dume ni mrefu, na kadiri unavyokaribia nchani ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba, hadi upana wake haufiki milimita 1. Ute kidogo ukichanganyika na chembechembe za struviti, ambazo ni madini yanayoganda mkojo ukiwa mzito, basi njia imefungwa. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo nazo hushindwa kusafisha damu. Potasiamu hupanda, na ikizidi moyo hupiga polepole mpaka unasimama. Yote haya yanaweza kufika pabaya kwa siku moja au mbili tu.

Mtaani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, mgonjwa hakosi waganga. Shangazi alikuja na dafu lililokatwa tayari, maana pwani nzima mtu akisema mkojo unamsumbua huambiwa anywe maji ya dafu. Kwa binadamu anayekojoa halina neno. Kwa paka aliyeziba, maji ya dafu yana potasiamu nyingi, nayo ndiyo hiyo hiyo inayomwelemea moyo. Jirani akashauri nusu tembe ya panadoli kwa maumivu. Hilo nililijua zamani: ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile ipasavyo, na tembe moja ya miligramu 500 inatosha kumuua. Kijana wa duka la dawa za mifugo alisema ana sindano ya antibiotiki ya shilingi 500. Bei ilivutia, lakini antibiotiki haizibui mrija, na kwa dume wa umri huo chanzo huwa si vijidudu mara nyingi. Shilingi 500 zile zingenunua kuchelewa. Na jambo la mwisho ambalo mikono yenye huruma hutaka kulifanya ni kumbinya tumbo ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa hivyo kinaweza kupasuka.

Tukamtia kwenye kikapu cha ukindu, leso juu yake, kona zikafungwa, tukapanda tuktuk tukavuka Daraja la Nyali.

Sasa karatasi. Kumwona daktari 1,500. Vipimo vya damu 4,500. Sindano ya usingizi 3,000. Kupitisha mpira wa mkojo na kuosha kibofu 8,000. Picha ya altrasaundi 3,500. Kulazwa siku tatu kwa 2,000 kila siku, 6,000. Dripu 3,000. Dawa 2,500. Mfuko wa chakula maalumu cha paka wenye shida ya mkojo 6,800.

Watu wengi hapa husimama mbele ya daktari na kuona mambo mawili tu: kulipa yote, au kumbeba mnyama kumrudisha nyumbani. Wengine huona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza bei ni kusema humpendi. Mimi naamini kinyume chake. Anayempenda mgonjwa wake huuliza kila mstari unafanya nini mwilini mwake, na daktari mzuri hupenda kuulizwa hivyo.

"Daktari," nikamwambia, "nina 7,000 mkononi, na kufikia jioni naweza kufikisha 15,000. Tupitie mstari mmoja mmoja. Upi usipofanywa leo paka atakufa, na upi unaweza kungoja?"

Akavuta kiti. "Vizuri umeniambia mapema, dada. Wengine huniambia siku ya kumchukua."

Mpira, sindano ya usingizi na dripu haviguswi. Mpira wenyewe ni mwembamba mno, hupitishwa taratibu huku maji ya chumvi yakisukumwa ndani ili kizibo kirudi kwenye kibofu, kisha hushonewa kwenye ngozi ili usichomoke na kuunganishwa na mfuko wa kukusanyia mkojo. Bila usingizi msuli wa mrija hukaza, na akilazimishwa mrija huchanika. Damu pia ilibidi ipimwe, ila si lazima vipimo vyote. Potasiamu na figo ndivyo vilivyotakiwa kuamua kama moyo unahitaji dawa ya kuulinda kabla ya usingizi, na viwili hivyo peke yake ni 2,500. Altrasaundi ni ya kutafuta mawe kwenye kibofu. Mpira ukipita vizuri, picha inaweza kungoja wiki kadhaa, kwa sababu matibabu ya siku zile tatu hayabadiliki, mawe yawepo yasiwepo.

Kuhusu chakula maalumu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kokote. Paka akilazimishwa chakula kigeni wakati ana kichefuchefu, hukihusisha na ule ugonjwa, na huenda asikiguse tena maisha yake. Kwa hiyo kununua mfuko wa 6,800 siku ile ile kungeweza kuwa hasara mara mbili. Ale kwanza anachokijua, apone tumbo, kisha aanzishwe kidogo kidogo.

Zikatoka 2,000 za damu, 3,500 za picha na 6,800 za chakula. Jumla ikashuka hadi 26,500.

Nikamuuliza tena: "Na mambo yakienda vibaya, itafika ngapi?"

Swali hili watu hulisahau, na ndilo linalozuia ugomvi wa risiti baadaye. Akapiga hesabu ya siku moja ya ziada na kurudia kipimo cha figo, akaandika pembeni kwa kalamu: isizidi 32,000 bila kunipigia simu. Nikatia sahihi chini yake, nikalipa 7,000, naye akaanza kazi kabla hata sijatoka mlangoni.

Zilizobaki 8,000 za malipo ya awali zilitoka kwenye chama chetu cha kina mama. Mdogo wangu alikuwa ameshafungua simu kuomba mkopo wa simu wa M-Shwari, ambao wakati ule ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya kodi. Kwa 8,000 hiyo ilikuwa 600. Si nyingi, lakini ukishindwa kulipa kwa wakati ada hurudi tena, na Mama hataki riba iingie nyumbani kwa sababu yoyote. Chama chetu kina mfuko wa dharura usio na nyongeza. Shida ni kwamba mfuko ule uliwekwa kwa ajili ya msiba, uzazi na ugonjwa, na hakuna aliyewahi kuandika ugonjwa wa nani.

Tulikutana baada ya Alasiri. Bi Mwenyekiti aliniachia nizungumze, kisha dada mmoja akauliza swali la haki kabisa: "Kesho mtoto wa mwenzetu akilazwa na pesa ziko kwa paka, tutamwambia nini?" Sikubishana naye. Niliweka masharti mwenyewe: nakopa, siombi mchango, 2,000 kila mwezi kwa miezi minne, na mwanachama yeyote akipata dharura kabla sijamaliza, mashine yangu ya ovaloki, ya kufunga kingo za nguo, iuzwe siku hiyo hiyo. Bi Mwenyekiti akayaandika kwenye daftari, tukatia sahihi wote wawili. Nilipotuma zile 8,000 kwa kliniki niliandika jina la paka na tarehe kwenye ujumbe nilioutuma kwa mapokezi, nao wakanijibu kwa risiti. Ukilipa kwa vipande, kila kipande kiwe na risiti yake, na kila risiti ionyeshe salio.

Potasiamu ilikutwa juu, lakini haikuwa imefika pa kuutikisa moyo. Mpira ulipopita, kizibo kikatoka vipande vipande, ute mweupe mzito wenye chembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole viwili. Baada yake ukaja mkojo mwekundu.

Kuzibuliwa si mwisho wa hatari, na hapa ndipo wenye haraka ya kuokoa pesa huumia. Figo zilizobanwa zikiachiwa humwaga maji kwa wingi. Paka wa kilo 4 mwenye afya hutoa mililita 4 hadi 8 kwa saa; huyu anaweza kutoa mara kadhaa ya hizo, na asiporudishiwa kwa dripu hukauka. Ndiyo maana mkojo kwenye mfuko hupimwa kila baada ya saa chache na dripu kurekebishwa kuufuata. Anayemlaza mgonjwa kama huyu nyumbani hawezi kuifanya kazi hiyo kwa macho.

Siku ya tatu mkojo ulikuwa bado na damu. Nilitamani sana kumchukua. Daktari akanipa hesabu badala ya hotuba: siku moja zaidi na mpira ni 2,000, dripu 1,000, kurudia figo 1,500, jumla 4,500. Mpira ukitolewa mapema mrija ukiwa bado umevimba, akaziba tena usiku, ni usingizi mpya 3,000 na mpira mpya 8,000, na siku za kulazwa zinaanza upya. Nikakubali aendelee kulala. Bili ikafunga kwenye 31,000, chini ya ile 32,000 tuliyoandikiana, na hakuna aliyelazimika kumpigia mwenzake simu kwa hasira. Salio la 16,000 likawa 4,000 kwa mwezi. Pamoja na 2,000 za chama nilikuwa nalipa 6,000 kila mwezi, na kwa kipindi chote hicho sikununua vitambaa vya akiba. Nilishona oda zilizolipiwa nusu mbele, basi.

Wiki za mwanzo baada ya kuzibuliwa ndizo ambazo paka wengi huziba tena, kwa hiyo kazi ilihamia kwetu. Mchanga wa karai niliuchekecha kila jioni, mchanga wa ujenzi mkavu, kina cha vidole vitatu, ili madonge ya mkojo yaonekane na kuhesabika. Mawili hadi manne kwa siku ni sawa. Madonge mengi madogo madogo ni onyo, na pakavu kabisa ni safari ya kliniki usiku huo huo. Maji yalihitaji ujanja zaidi. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa siku ukihesabu na yaliyomo kwenye chakula, na Karafuu alikuwa mlaji wa chakula kikavu cha kupimiwa dukani, ambacho hakina maji karibu yoyote. Alikuwa hayapendi maji ya kisima chetu, yana chumvi. Akawekewa ya mkokoteni, bakuli mbali na chakula na mbali zaidi na karai. Mama alimchemshia samaki wa soko la Kongowea bila chumvi, bila kitunguu wala thomu, akatoa miiba na kummiminia na mchuzi wake. Vitunguu vyote huharibu damu ya paka, na kwa wapishi wa Kiswahili hilo ni gumu kulizoea. Samaki peke yake si lishe kamili, kwa hiyo ilikuwa nyongeza tu juu ya mlo wake.

Alipokuwa anakula vizuri tulinunua mfuko mdogo wa kilo 1.5 wa kile chakula maalumu, tukauloweka kwa maji ya vuguvugu, punje chache ndani ya chakula cha zamani, tukiongeza kidogo kila siku mpaka cha zamani kikaisha. Baada ya hapo dagaa zikakatazwa nyumba nzima, pamoja na wageni wa barazani. Chakula kile huyeyusha struviti kwa kubadilisha mkojo wenyewe, na vidagaa viwili vitatu vya kila siku vinatosha kuibatilisha kazi hiyo.

Altrasaundi tuliyoiahirisha niliilipia nilipopeleka awamu ya pili, 3,500 zake zikiwa zimewekwa kando tangu mwanzo. Daktari alimnyoa kiduara kidogo tumboni, akapitisha kifaa, akanigeuzia skrini: kibofu cheusi, ukuta mwembamba, hakuna jiwe. Upasuaji wa kupanua njia, ambao alikuwa amenitajia kama Karafuu angeziba tena na tena, akaufuta kwenye faili lake. Akachukua mkojo kidogo kwa sindano akautazama kwenye hadubini, akasema chembe zimepungua lakini zipo, tuendelee na chakula kile kile, na tumrudishe baada ya miezi mitatu. Kipimo cha mkojo kilikuwa 1,000, nikakilipa hapo hapo.