Fonti nzuri imeniponza

Jamani juzi nimetengeneza kadi ya harusi ya binti wa shangazi hapa Mtwara, nikasema leo situmii fonti (mitindo ya herufi) za kila siku, nikachukua Bodoni ya mlazo, ile mistari minene kwelikweli halafu inayounganisha myembamba kama unywele, jina la bibi harusi nikaliweka kubwaa katikati, wallahi lilikaa kifalme. Sasa tamaa. Nikaandika na maelezo yote hivyohivyo, saizi 8. Kuprinti steshenari, mistari myembamba yote imepotea, "Mikindani" imebaki vijiti vimesimama kama uzio. Shangazi kavaa miwani, kavua, akauliza "mwanangu, hizi herufi zimefunga?"

Hii fonti ni ya kuwekwa kubwa tu. Yule aliyeibuni, Giambattista Bodoni wa Parma kule Italia, miaka ya 1700 huko, alikuwa na karatasi laini na ufundi wa kuchonga chapa mwenyewe, mie nina printa inayokohoa 😂

Nimerudia kadi 50 kwa hela yangu, jina nimeliacha Bodoni, ukumbi na saa nimeweka fonti nene ya kawaida. Shangazi karidhika, ila anasema jina bado limekonda.