Mwenzangu wa Dawati na Toleo la 141

Jumamosi, saa tano usiku.

Umeme umekatika tangu magharibi, na upande wa Ukerewe radi zinawaka kimyakimya. Mjomba wangu, aliyevua dagaa mpaka magoti yakamkataa, ndiye aliyenifundisha kuusoma usiku kama huu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo mawingu ya alasiri hujikusanya huku kwetu. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, upepo wa pande zote unateremka ziwani na kukutana katikati. Ngurumo huzaliwa hapo, usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Zikiwaka hivi namkumbuka Ororo.

Si jirani yangu. Ni Storm wa X-Men, timu ya mashujaa katika vitabu vya katuni vya Marekani, yule mama wa hali ya hewa mwenye ngozi nyeusi na nywele nyeupe. Len Wein na Dave Cockrum walimleta mwaka 1975. Mama yake Mkenya, baba Mmarekani, utoto wake Cairo, na jina lake kamili Ororo Munroe. Kwetu kitu ororo ni kitu laini, kama shavu la mtoto aliyetoka kupakwa mafuta, kwa hiyo mwanamke anayeamrisha radi anaitwa Laini. Hiyo ilinifurahisha kuliko hadithi yenyewe ya kwanza, ambayo inachosha kidogo: Kenya ya humo haina hata matatu moja, ni wanakijiji tu wanaomsujudia awape mvua. Ingawa tusijifanye wajuaji. Watemi wetu wa Usukuma nao walidaiwa mvua, na isiponyesha kiti kilikuwa cha moto.

Lakini kitabu ninachotaka kukisema leo si hicho. Ni toleo la 141 la X-Men, la Januari 1981, hadithi ya Chris Claremont na John Byrne, mchoro wa Byrne. Nilikipata mwaka 2005 nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa anauza mitumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, akafungua belo la nguo za watoto, na katikati ya masweta kikaanguka hicho, jalada likiwa zima. Mpaka siku hiyo katuni kwangu zilikuwa za jarida la Sani, za kuchekana. Hiki hakikuchekesha hata kidogo. Jalada linaonyesha watu wawili wamebanwa ukutani na mwanga, na nyuma yao bango la watu wanaosakwa, nyuso kwa safu, nyingine zimegongwa mhuri kwamba ameuawa, nyingine kwamba amekamatwa.

Kiingereza changu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu. Nilisoma picha kwanza, maneno nikayafuata na kamusi ya shule, mstari mmoja kwa jioni moja.

Mambo ni hivi. Ni mwaka 2013 (kumbuka nasoma mwaka 2005, kwa hiyo ilikuwa inakuja!) na Marekani inatawaliwa na maroboti makubwa, Sentinel, yaliyotengenezwa kuwawinda mutanti, yaani watu waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida. Yamewamaliza karibu wote. Waliobaki wako kambini, pamoja na makaburi ya wenzao. Kila mtu nchini anavaa herufi: H ni binadamu safi, anaruhusiwa kuzaa; A ana kasoro katika damu, haruhusiwi; M ni mutanti. Mmoja wa waliobaki, Kate Pryde, anarudishwa kwa akili tu, bila mwili, hadi mwaka 1980, aingie katika kichwa chake mwenyewe cha umri wa miaka kumi na mitatu, awahi kuzuia mauaji ya seneta mmoja. Mauaji hayo ndiyo yaliyowatia watu hofu mpaka wakayapa maroboti mamlaka.

Na hapo, wanaume na wanawake wa X-Men wakiwa uso kwa uso na wauaji, kitabu kinaisha. Itaendelea toleo lijalo. Belo halikuwa na toleo lijalo. Nilimfanya Mama afungue mabelo mawili zaidi ya wiki hiyo mbele yangu.

Mwenzangu wa dawati alikuwa na ualbino. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu, maana yeye angependa nianze na kwamba alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kwa sababu ya macho alisoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua, kwa hiyo aliona vitu ambavyo sisi tulivipita. Nilimpa nikimwonyesha Storm: mtazame huyu, ana nywele kama zako. Akamtazama sana. Akasema, "Huyu kaanza na nywele tu. Mimi nimemaliza kazi."

Kisha akaniuliza angepewa herufi gani. Nikasema H, upesi, kama mtu anayefukuza inzi.

"Muongo," akasema, akaendelea kusoma.

Yeye ndiye aliyeiona picha iliyonipita. Kitty, yaani Kate huyohuyo akiwa binti wa miaka kumi na mitatu, ndiyo kwanza amejiunga na timu. Siku hiyo anapimwa katika chumba cha mazoezi chenye mitego ya kila aina, na kwa kuwa uwezo wake ni kupenya vitu, anakikatiza chumba kizima kwa miguu kama anakwenda dukani. Mtoto hodari, utampenda. Lakini Kitty huyohuyo anamwogopa Nightcrawler. Nightcrawler ni mwenzake wa timu, mtu wa bluu mwenye mkia na vidole vitatu, mpole na mtani, na mtoto akimwona anasisimka mwili. Anajua kwamba si vizuri, na anaogopa vilevile. Naye Nightcrawler anaona.

Mwenzangu aliweka kidole hapo. "Hata hawa kwa hawa," akasema.

Hakuniangalia, na sijui kama alikuwa ananisema mimi. Ila mimi nilijijua. Siku ya kwanza mwalimu aliponiketisha naye, darasa la tatu, nilisogea mpaka ukingoni, nusu ya mwili iko hewani. Nilikaa hivyo karibu wiki nzima. Hakuna aliyenifundisha kusogea, na hakuna aliyenikemea. Nikarudi taratibu, sentimita kwa sentimita, hasa kwa sababu ya hesabu.

Ndiyo maana timu hii naipenda kuliko nyingine zote za mashujaa. Nyingine ni kama timu ya taifa, wamechaguliwa wanaofaa. Hii ni kama mtumbwi wa dagaa: aliyekuja kaja, mwingine hamwamini mwenzake, na wote wako majini tayari. Katika toleo hilohilo Storm ndiyo kwanza ameachiwa uongozi baada ya Cyclops kuondoka, na unamwona akiuvaa kama kiatu kipya.

Nina ugomvi nao mmoja. Mutanti wanaogopwa, sawa, lakini wengi wao kweli wanaweza kuangusha nyumba. Mwenzangu alihitaji kofia pana, mafuta ya jua na kiti cha mbele. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wanauawa huku Kanda ya Ziwa kwa imani za utajiri, hakukuwa na lolote walilomfanyia yeyote hata awaogope. Waliogopwa kidogo, wakatamaniwa zaidi, na hilo la kutamaniwa Claremont hakulifikia. Mwaka 2008 wazazi wa mwenzangu walimhamishia shule ya bweni, mkoa mwingine. Nilimpa kitabu. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshaandika mwisho wetu nyuma ya daftari la sayansi: Storm anayavuta maroboti mpaka Mwanza, usiku, na pale mbele ya Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, anayakalisha majini kwa upepo wa ziwa. Roboti la mwisho linakamatwa na nyavu za wavuvi wa Kirumba na kupimwa kilo.

Mwaka 2013 ulipofika nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mwaka uliofuata ilikuja filamu ya hadithi hiyo, nikaiona banda umiza, DJ akitafsiri juu ya sauti zao. Humo anayerudishwa nyuma ni Wolverine! Kazi ya msichana wa miaka kumi na mitatu amepewa mwanaume mwenye misuli. Nilitoka nimenuna, nikautafuta mwisho halisi wa kitabu kwa simu. Jalada la toleo la 142 linatangaza wazi kwamba humu wote wanakufa. Seneta anaokolewa, na Kitty ndiye anayemwokoa, kwa kupenya mwili wa muuaji hadi mshale ukaenda pembeni. Lakini kule 2013 Wolverine anaunguzwa abaki mifupa, na Storm anachomwa mikuki. Hakuna aliyebakiziwa hata upepo wa kumzika.

Sikumwambia mwenzangu. Ni mwalimu wa hesabu sasa, tunapigiana sikukuu kwa sikukuu. Leo jioni kabla umeme haujakatika akanipigia bila sikukuu. Binti yake amekikuta kitabu kabatini, anataka mwisho.

Nikaanza kuzungukazunguka. Akanikatiza.

"Nilishausoma, bwana, tangu chuo. Sikutaka kukuharibia."

Tukanyamaza wote wawili. Halafu akasema, "Roboti zima la ghorofa tatu, linatembea na mkuki. Mkuki wa nini?"

Tukacheka mpaka salio lake likaisha. Binti, anasema kwa ujumbe alioutuma baadaye, amesomewa mwisho wa daftari la sayansi, na ana swali moja: lile roboti lilifika kilo ngapi.