Ndege za vita na sili

Sisi wa Lamu ndege tumezoea zile ndogo zinazoshuka uwanja wa Manda, ukisikia mlio unajua wageni hao, vijana wa boti wanakimbilia gati. Sasa mwaka jana nikaenda kwa dadangu Uingereza, shemeji akanipeleka Donna Nook, pwani ya Lincolnshire, pale ndege za jeshi lao zinapofanyia mazoezi ya kupiga mabomu, baridi ya Novemba inakata masikio. Maji yamekupwa mpaka huyaoni, bamvua la kwetu cha mtoto, na bendera nyekundu iko juu, yaani usisogee wanapiga. Mara Typhoon hiyo, jeti la vita, chini chini, unaiona iko mbele huku sauti bado iko nyuma, ikadondosha kidude nikaziba masikio wallahi, kumbe ni bomu la mazoezi tu, kamoshi kanapanda karibu na shabaha basi. Ikapinda ikarudi tena.

Lakini kilonishangaza zaidi ni sili, wale wanyama wa baharini! Wale wa kijivu, wamejaa nyuma ya uzio wanazaa palepale, watoto manyoya meupe wamelala fofofo na jeti linanguruma juu ya vichwa vyao. Mimi mtu mzima nikaruka. Shemeji akacheka mpaka akaangusha chupa ya chai, na ndo ilikuwa chai pekee tulobeba.