Kupanda Pamoja Si Kufungamana

Mwaka 1926 mwanatakwimu Mwingereza, George Udny Yule, alitoa mfano ambao bado naona unafaa kumtangulia kila mwanafunzi wa ekonometria, yaani upimaji wa uchumi kwa takwimu, hasa anayetafuta uhusiano kati ya hewa ukaa na Pato la Taifa. Kati ya 1866 na 1911, sehemu ya ndoa za Uingereza zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana na kiwango cha vifo nchini humo vilikuwa na uwiano (kipimo cha kwenda pamoja, ambacho kilele chake ni 1) wa takribani 0.95. Ndoa za kanisani haziui. Mifululizo yote miwili, yaani takwimu za mwaka baada ya mwaka, ilikuwa ikishuka, kila mmoja kwa sababu zake.

Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walilithibitisha hilo kwa kompyuta: walizalisha mifululizo ya kubahatisha isiyohusiana kwa lolote, wakaiingiza katika regresheni ya kawaida (hesabu ya kueleza mfululizo mmoja kwa mwingine), na katika takribani robo tatu ya majaribio kipimo kikadai kuna uhusiano. Kasoro ni kwamba mifululizo hiyo hutangatanga bila kurudi kwenye wastani wowote, ilhali vipimo vya kawaida vimejengwa juu ya dhana kwamba inarudi.

Jibu walilolitoa Robert Engle na Granger mwaka 1987, yaani kointegresheni, naliona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri kabisa katika uchumi. Chukua bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, na bei yake Dar es Salaam. Kila moja hupanda na kushuka bila kikomo kinachojulikana, lakini tofauti ikizidi gharama ya usafiri, wafanyabiashara hupakia magunia kwenye malori mpaka pengo lipungue. Uhusiano wa muda mrefu ni huo: kitu kinachozivuta bei zirudiane kila zinapoachana, na modeli ya kusahihisha makosa hupima ni sehemu gani ya pengo inayozibwa kila mwezi.

Sasa niulize kwa dhati: katika utafiti wa hewa ukaa na Pato la Taifa, lori ni lipi, yaani ni kitu gani kinachovivuta virudiane? Nimesoma tasnifu nyingi zenye data za miaka arobaini au hamsini, ambamo mwandishi anaweka pato pamoja na pato lililozidishwa kwa lenyewe ili aone kama uchafuzi hupanda kisha hushuka nchi inapotajirika, kisha anaongeza matumizi ya nishati kama kigezo cha tatu. Mfululizo unaotangatanga ukiuzidisha kwa wenyewe haubaki na tabia ileile, na vipimo vya kawaida vya kointegresheni havikutengenezwa kwa ajili yake. Baya zaidi ni kile kigezo cha tatu, kwa sababu takwimu za hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe hazipimwi angani, bali hukokotolewa kwa kuzidisha kiasi cha nishati kilichochomwa kwa viwango maalumu. Anayeeleza hewa hiyo kwa matumizi ya nishati hizo anarudisha hesabu ile ile kwa mlango wa nyuma, kisha anashangilia uhusiano imara.

Kwa Tanzania kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Kaya nyingi hupikia kuni na mkaa, na moshi wake haumo kabisa katika mfululizo huo wa hewa ukaa itokanayo na nishati za kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kaya inapohama kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye gesi ya mtungi, mfululizo huo hupanda, ingawa msitu umepumzika.