Ukuta Aliousugua Bibi

Salamu zilipokwisha, swali la kwanza aliloniuliza Bibi lilihusu kamba ya nguo. "Nani ana mtoto mchanga humu?" Akanyoosha mkongojo kuelekea nyuma ya nyumba, nilikoanika vipande kumi na viwili vya fulana kuukuu, kila kimoja na madoa yake ya kahawia. Nikamwambia si nepi, ni vitambaa vya rangi. Rangi ya nini? Ya ukuta, Bibi. Akaguna, akaingia ndani. Mimi nikadandia boda mpaka stejini, nikapanda teksi ya Kampala. Laiti ningekaa dakika tano zaidi nikamweleza.

Hii ilikuwa Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala, Ramadhani ya 2011, iliyoangukia Agosti, mwaka ambao sukari iliadimika Uganda hata uji wa futari ukawa unatiwa kijiko kimoja huku watu wote wanatazama. Mwenye nyumba, mwanawe Bibi, alikuwa Mnubi mfanyabiashara, safari zake za Dubai. Huko aliingia mkahawa mmoja akaona kuta zinazofanana na karatasi iliyolowa chai, akapiga picha kwa simu, akaja nayo kwangu. Sebule iwe hivyo kabla ya Idi. Nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza, pesa. Ya pili, Bombo. Mimi ni mtu wa Mombasa, na Kampala ya wakati ule, ambako wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari, ukikiongea dukani wapo waliokutazama mikono kwanza wahakikishe hujashika bunduki. Bombo, kambi ya jeshi upande huu na Wanubi upande ule, nilinunua hata kiberiti kwa Kiswahili bila kujieleza.

Kazi yenyewe, kuufanya ukuta mpya uonekane wa kale, wengi hudhani ni kupaka rangi chafu. Sivyo. Kwanza unapaka rangi ya chini, nami nilipaka ya mafuta isiyong'aa sana, rangi ya maziwa, mikono miwili, kila mkono ukikauka unapita na msasa laini. Hiyo lazima iwe ngumu na isiyofyonza. Juu yake unaweka utando mwembamba unaopenya mwanga: mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tapentaini, vanishi kidogo, na rangi ya tyubu kiasi cha kidole. Tyubu nilizinunua katika duka la karibu na Makerere linalouzia wanafunzi wa sanaa. Rangi zenyewe ni udongo. Amba ni udongo wenye chuma na manganizi, na ikiwa mbichi huvutia ukijani. Ukiichoma inageuka kahawia nzito yenye joto. Siena ni ya manjano, ukiichoma inakuwa nyekundu kama barabara ya kijijini.

Utando ukishapakwa una nusu saa hivi kabla haujaanza kushika. Kijana wangu anatangulia na brashi, mimi namfuata na fulana iliyokunjwakunjwa, nagusa, nageuza mkono, nagusa tena, nikitoa hapa na kuacha pale. Ukingo usikauke. Ukisimama katikati ya ukuta kujibu simu, ukirudi utakuta mstari umejichora, na mstari huo hauondoki kwa dua. Ndiyo maana tulianza alfajiri baada ya daku na kumaliza kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Vile vitambaa kuanikwa kimoja kimoja si usafi. Mafuta ya kitani yanapokauka hula hewa na kutoa joto. Ukivifinyanga vitambaa ukavitupa kwenye ndoo, lile joto halina pa kutokea, na vinaweza kuwaka vyenyewe bila njiti. Fundi aliyenifundisha kule Mji wa Kale alikuwa akinipigia kelele kuhusu vitambaa kuliko kuhusu rangi.

Nilipanga kurudi baada ya wiki, utando uwe umekauka, niufunge kwa vanishi isiyong'aa. Siku ya tatu simu ikalia.

"Fundi, njoo. Mama amesafisha."

Nilifika adhuhuri. Sebule ilinuka sabuni ya mche. Kuta zote nne zilikuwa nyeupe tangu chini mpaka pale mkono wa Bibi ulipoishia, na kutoka hapo kwenda juu bado za kahawia, kama nyumba iliyokumbwa na mafuriko kichwa chini. Brashi ya kufulia ilikuwa imeegemezwa mlangoni, nywele zake zimelala upande mmoja. Bibi mwenyewe alikuwa mkekani anafuma kawa, nyuzi za rangi saba zimemzunguka, uso wa mtu aliyefanya wema na anasubiri ahsante.

Mwanawe alisimama nyuma yangu hana la kusema. Kicheko kilimbana, aibu ikamzuia.

Nilipiga goti. "Bibi, ule haukuwa uchafu. Niliupaka mimi. Mwanao alinilipa."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akamwambia mwanawe maneno ya Kinubi ambayo sikuyaelewa, ila yeye aliyaelewa, akatoka nje.

"Haya," akaniambia. "Kama ni uchafu wa kulipiwa, mbona hukuupaka vizuri?"

Akainuka, mkongojo mkononi, akanizungusha sebule yangu mwenyewe. Huku juu pembeni umetia weusi, nani kapanda huko kushika? Mkono wa mtu unashika hapa. Akabandika kiganja kando ya mlango, chini kidogo ya swichi. Watoto wanapita na vidole hapa, usawa wa nyonga. Nyuma ya kiti ni vichwa, mafuta ya nywele, duara hivi. Moshi haukai kila mahali kama ukungu, tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, ikining'inia kwenye msumari moshi unapanda kama ulimi, mwembamba chini, unapanuka juu. Ameishi na tadooba, anajua. Halafu akafika chini kabisa, kwenye kipande kidogo nyuma ya kabati ambacho brashi haikufika.

"Na hiki kijani?"

Hapo ndipo nilipokosa pa kuuficha uso. Kwetu Mombasa ukuta unaliwa na chumvi na unyevu kuanzia chini, unatokota, unaota ukijani. Nilichukua amba mbichi bila kufikiri, nikaizungushia nyumba nzima ya Bombo uzee wa Mombasa.

"Vumbi letu jekundu," Bibi akasema. "Mtu akipiga deki, maji mekundu yanaruka hapa. Hilo la kijani ni la wapi?"

Nilianza upya. Tuliosha kile kilichobaki juu, na rangi ya chini ilikuwa imeshika vizuri, haikuchubuka hata pale Bibi alipotia nguvu zake zote. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo usiku baada ya tarawehe tulifanya kazi kwa taa ya betri. Siena iliyochomwa chini, viganja viwili tu juu ya mbao za ukutani, vingine nikavifuta. Amba iliyochomwa kando ya mlango. Ulimi mmoja wa moshi, mmoja tu, nikaulainisha kwa brashi pana kavu mpaka mwanzo na mwisho wake havionekani. Safari hii nilitia matone ya dawa ya kukaushia. Mwenye nyumba alilipia vifaa. Siku zile nne hakuzilipa, nami sikudai sana. Bibi aliketi mlangoni kila usiku akitafuna tende. Nilipomaliza duara la nyuma ya kiti alisema, "Punguza. Mume wangu hakuwa na kichwa kikubwa hivyo."

Siku ya Idi nilialikwa. Sebule ilijaa, pilau inazunguka, kawa mpya zimefunika sinia. Mama mmoja mgeni alikuwa akimnong'oneza mwenzake huku anaangalia ukuta, na nilijua anasema nini. Kijana mmoja, nadhani mjukuu, alishiba akajinyoosha kwenye kile kiti, akarudisha kichwa nyuma, kikatua katikati ya duara langu barabara.

Mkongojo ukamgonga gotini. "Toa kichwa hapo," Bibi akamwambia. "Utachafua ukuta."