Beringi ikinguruma, tafuta maji kwanza

Boti ya sterndraivu ikianza kunguruma huko nyuma, mtu wa kwanza utakayemkuta pwani atakwambia beringi ishakwisha hiyo, badilisha. Na mara nyingi kweli imekwisha, lakini beringi ya gimbo haifi hivihivi, inauliwa, na anayeiua ni maji ya chumvi yaliyopata pahala pa kupita. Ukatia mpya na lile tundu ukaliacha, msimu haujesha ushairudia kazi ileile, na vipuri vyenyewe hapa Unguja mpaka uagize usubiri, boti imelala na wageni wanachukuliwa na wengine. Inaniuma sana kuona pesa za watu zinakwenda hivyo.

Kwa asiyeijua hii mashine: injini inakaa ndani ya boti kama ya gari, halafu nje pale tezi kuna mguu wenye gia na pangaboi. Volvo Penta ndo walioitoa 1959 kwa jina la Aquamatic, lakini kwetu bado si nyingi, wengi wanatumia mashine za kutundika, na mafundi wanaoijua vizuri ni wachache. Baina ya injini na mguu ipo shafti yenye krosi, yaani viungo vinavyoifanya ijikunje mguu ukigeuka, imo ndani ya mpira wa mikunjo, na kabla ya kuingia kwenye kapilingi ya injini, pale shafti inapoungana na injini, inapita katikati ya beringi, hiyo ndo ya gimbo. Sasa ule mpira ndo ukuta pekee baina ya bahari na beringi. Ukipasuka maji yanajaa mle, yanafika kwenye beringi, yanaosha grisi yote, kisha yanapenya yanadondoka ndani mpaka kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakojikusanya. Kwa hiyo ngama inayojaa na beringi inayolia, usizichukulie kesi mbili mpaka uhakikishe.

Nahodha mmoja wa Kizimkazi anayepeleka wageni kuangalia pomboo aliniita, boti inanguruma kila akikata kona. Akanambia, "Fundi, beringi hii mpya, imetiwa juzijuzi tu." Nikamuuliza, mzee, na mpira walibadilisha? "Mpira gani tena mwanangu?" Tukaunyanyua mguu juu kabisa, tukazungusha sukani mpaka mwisho upande mmoja, mikunjo ikafunguka, na pale chini, pahala usipopaona mguu ukiwa umenyooka, pana mpasuko unaingia kidole. Mle ndani krosi zote nyekundu kwa kutu.

Kabla ya kushika spana jua kwanza maji yanaingia wakati gani. Chagua siku isiyo na mvua, fua maji yote, panguza ngama ikauke kabisa, iache boti inaelea injini imezimwa. Yakiingia hivyohivyo imetulia, basi mara nyingi ni mpira wa mikunjo, au ule mpira mdogo unaofunika waya wa gia (huu watu wanausahau kabisa na boti inaweza kuzama kwa huo huo mdogo), au paki ya pale mguu ulipofungwa kwenye tezi. Yakiingia injini ikiwaka tu, nenda kwenye njia ya maji ya kupozea, mipira, klipu zilizoliwa na chumvi, sili ya pampu. Halafu ingiza tochi nyuma ya injini chini ya kapilingi. Ukiona mchirizi wa rangi ya kutu umeteremka pale, hayo maji yamepita ndani ya beringi, huna haja ya kubishana tena.

Oili ya mguu nayo ikaguliwe, ila hayo ni maji mengine. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye gia, mara nyingi kwa sili ya shafti ya pangaboi, hasa ikiwa uzi wa kuvulia umejizungusha pale ukaikata, na kwetu nyuzi hizo zimejaa baharini. Mwaga oili, jaza upepo psi 10 hadi 15 hivi, usizidishe, paka maji ya sabuni uone povu linapotokea. Mshale wa geji ya upepo ukishuka kuna pahala panavuja, hata kama povu hujaliona.

Sasa sauti. Injini ikiwa nyutro shafti na krosi bado zinazunguka, kwa hiyo huhitaji kwenda mbio mpaka Mnemba ndo usikie. Washa (ya petroli fungua mfuniko kwanza mvuke utoke), iache taratibu, zungusha sukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Mngurumo mzito unaozidi kwenye kona ni beringi ya gimbo. Ikiwa ni kugonga, ka-ka-ka, na kunazidi ukinyanyua mguu kidogo, hizo krosi. Ikinguruma hata ukiwa umenyooka, ama beringi imekwisha kabisa ama tatizo liko kwenye kapilingi. Na boti ikiwa nchi kavu usiwashe bila maji ya mfereji kwenye tundu za mguu, impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, inaungua sasa hivi.

Ukishautoa mguu, badilisha vyote pamoja: beringi, mpira wa mikunjo, mpira wa waya wa gia, mpira wa maji, na klipu mpya za stenlesi. Kazi kubwa ni kuutoa mguu, mpira wenyewe si kitu. Pale mpira unapokaa pasugue kutu na chumvi yote, pakauke, ndo utie gundi. Beringi mpya kama ina tundu la grisi hakikisha linaangaliana na njia ya grisi, wengine wanaigonga tu ikaingia upande, halafu kila wakitia grisi haifiki.

Na alaimenti jamani, yaani kuilinganisha injini na mguu, hapa ndo wengi wanaruka. Ipo fimbo yake ya chuma, inapita katikati ya beringi mpaka kwenye meno ya kapilingi, na inatakiwa iingie na kutoka kwa vidole viwili. Ikikwama usiisukume kwa nguvu, nyanyua au teremsha injini kwenye kikalio chake cha mbele mpaka fimbo iteleze. Injini ikikaa vibaya, beringi mpya italia, na meno ya kapilingi yatalika.

Tatizo letu jengine ni bamvua. Maji yakitoka boti inakaa mchangani, lazima mguu uwe juu, na mpira unabaki umekunjwa masaa mengi juani. Mle kwenye mikunjo vinaota vile vijikombe vikali vinavyoganda kwenye vyombo, ukiuteremsha mguu vinaukata mpira. Kwa hiyo boti ikishaelea teremsha mguu, na kila bamvua maji yakitoka pitisha kijiti cha mbao kwenye mikunjo, si kisu, uvitoe vingali vidogo.

Siku ya kuirudisha majini usiondoke. Kaa na tochi pale nyuma saa nzima injini imezimwa, halafu saa nyengine inawaka, ukizungusha sukani huku na huku na kunyanyua na kuteremsha mguu. Hata tone moja likionekana chini ya kapilingi, itoe boti siku hiyohiyo.